Kabla ya Kununua Bastola Kwenye Maonyesho ya Silaha Nchini Marekani

Mtu aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam, ambako bastola ni jambo la vibali, mahojiano ya polisi na subira ndefu, hushangaa anapoingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa maonyesho ya silaha Marekani. Kule Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, maonyesho ya Wanenmacher hufanyika mara mbili kwa mwaka na hujaza meza zaidi ya 4,000 chini ya paa moja, bastola mpya zikiwa zimepangwa jirani na visu, nishani za kijeshi za zamani na hata nyama kavu ya kutafuna. Wingi huo humchanganya mnunuzi, na muuzaji anayekwambia kwamba bei ni ya leo tu anajua anachokifanya. Ndiyo maana maamuzi mazito yote, kuanzia kama sheria inakuruhusu mpaka mahali bastola itakapolala usiku, inafaa yawe yamefanyika nyumbani kabla hujalipa kiingilio.

La kwanza ni hadhi yako ya kisheria nchini, na kwa wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani hili ni zito kuliko aina ya silaha. Raia na mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi hamo katika katazo la wenye viza za muda, ingawa majimbo yanaweza kuweka masharti yao. Aliyeingia kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika silaha kama mmiliki, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Mwanafunzi anayefuatana na rafiki yake ukumbini kwa kutazama tu hana kosa, lakini asikubali kununua kitu wala kubebeshwa bastola ya mtu hadi garini kwa kuwa mwenyewe amekwenda kula.

Uzito wa jambo hili unatokana na sheria ya uhamiaji. Asiye raia akipatikana na hatia ya kununua au kumiliki silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini hata kama amekaa miaka mingi na ana watoto waliozaliwa hapo. Kudai uraia usio nao, hata kwa kuweka alama kwenye kisanduku kisichokuhusu kwa sababu ya haraka, kunaweza peke yake kumfukuzisha mtu. Kwa maoni yangu, mwenye kadi ya kijani ambaye maombi yake ya uraia yako njiani angemwona wakili wa uhamiaji kwanza. Maonyesho yatakuja tena.

La pili ni jimbo unaloishi. Umri wa kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21, na muuzaji huyo hawezi kumkabidhi bastola mkaazi wa jimbo jingine pale pale mezani. Ukiipenda bastola katika jimbo jirani, itapelekwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, nawe utajaza fomu na kukaguliwa huko, ukilipa na ada ya uhamisho. Juu ya hayo kuna sheria za majimbo zinazotofautiana sana. California humtaka mnunuzi asubiri siku 10, Illinois humtaka awe na kadi ya utambulisho wa mmiliki wa silaha, na New York humtaka awe na leseni ya bastola kwanza. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, mnunuzi wa bastola huhitaji kibali cha kununua au cha kubeba, na kile cha kununua huombwa kwa polisi wa mji wake au kwa sherifu. Kibali hakipatikani kwenye meza ya maonyesho, kwa hiyo anayekwenda bila hicho amekwenda kutalii. Hakikisha pia kwamba kitambulisho chako kina anwani unayoishi sasa. Kama umehama, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari.

Ukishakubaliana bei na muuzaji mwenye leseni, atakupa Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununua silaha, na isomwe yote, swali kwa swali, hata kama nyuma yako kuna watu wanaguna. Asiye raia huandika humo namba yake ya uhamiaji, basi awe nayo mfukoni. Fomu huuliza kuhusu makosa ya jinai yaliyopita, makosa ya ukatili wa nyumbani yakiwemo hata madogo, amri za mahakama, na matumizi ya dawa za kulevya; na inaonya waziwazi kwamba bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata pale jimbo lilipoihalalisha. Swali linalowanasa watu wema ni lile la kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Katika kesi ya Abramski iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, polisi wa zamani wa Virginia alimnunulia bastola ya Glock 19 ndugu wa mzazi wake aliyekuwa Pennsylvania, kwa fedha za huyo mzee, ili wapate punguzo la bei. Mzee mwenyewe alikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha, lakini hatia ilibaki pale pale, kwa kuwa aliyeweka sahihi alisema ananunua kwa ajili yake mwenyewe. Tangu 2022 kumnunulia kwa makusudi mtu ambaye sheria inamkataza kumiliki silaha ni kosa la shirikisho la peke yake, linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 15, na sisi tuliozoea kutumana vitu na kurudishiana fedha baadaye tuna sababu ya kulikumbuka.

Baada ya fomu, muuzaji huwasiliana na mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi mwaka 1998 chini ya FBI, au na chombo cha jimbo kinachofanya kazi hiyo. Jibu huwa ruhusa, kucheleweshwa au kukataliwa. Kucheleweshwa si tuhuma, kwani mara nyingi hutokana na jina linalofanana na la mtu mwingine, na kina Juma Ali na Hassan Mohamed ni wengi mno duniani. Anayekwama kila mara anaweza kuiomba FBI imhifadhie kumbukumbu zake na kumpa namba ya pekee ya kuandika kwenye fomu.

Ukumbini utakutana pia na watu binafsi wanaouza bastola zao. Sheria ya shirikisho haiwalazimishi kufanya ukaguzi, ingawa majimbo kadhaa, yakiwemo Colorado, Washington na Oregon, yanautaka hata kwao. Mimi ningemwomba muuzaji binafsi tukamalizie biashara kwa mwenye leseni na nilipe ada mwenyewe. Asiyetaka karatasi yoyote, au anayeuza bastola ambayo namba yake imekwanguliwa, aachwe na bastola yake, maana kumiliki silaha yenye namba iliyofutwa ni kosa la jinai.

Kuhusu silaha yenyewe, afadhali ukodi mbili tatu kwenye uwanja wa shabaha kabla ya siku ya maonyesho, kwa sababu bastola ndogo inayopendeza mkononi ndiyo inayopiga teke zaidi inapofyatuliwa. Andika bei za madukani kwenye simu. Meza nyingi za bastola mpya hazina nafuu ukijumlisha kiingilio na maegesho.

Iliyotumika inahitaji macho. Silaha nyingi ukumbini hufungwa kwa utepe wa plastiki ili zisiweze kufyatuliwa, hivyo mwombe muuzaji aukate, mhakikishe pamoja kwamba chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, elekeza mtutu pasipo na mtu na uweke kidole mbali na kifyatulio. Ingiza kipande cha karatasi nyeupe upande wa chemba na uchungulie kutoka mdomoni: mifereji ya ndani ya mtutu ionekane kali, na ukiona pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja, huenda mtutu ulivimba kwa risasi iliyokwama. Skrubu zilizochanika vichwa zinaonyesha kwamba fundi wa nyumbani amepita. Kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, omba ruhusa, kisha vuta nyundo nyuma polepole huku umeigusa silinda kwa kidole. Inafaa silinda iwe imejifunga nyundo inapofika mwisho, na isicheze mbele na nyuma. Tafuta pia namba ya silaha katika matangazo ya mtengenezaji kuhusu silaha zinazohitaji marekebisho, kwani SIG Sauer, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2017 mpango wa hiari wa kuboresha bastola yake ya P320.

Risasi zilizojazwa upya na mtu asiyejulikana, zinazouzwa ndani ya mifuko ya plastiki, usizinunue kwa bei yoyote. Nunua za kiwandani zenye maandishi yanayolingana na yale yaliyochongwa kwenye mtutu.

Nyumbani, kasha la chuma liwe limeshafungwa ukutani kabla bastola haijafika. Muuzaji mwenye leseni anatakiwa akupe kufuli au kifaa kingine cha usalama, lakini kebo ile nyembamba haimzuii kijana mwenye mkasi wa kukatia chuma. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, basi kama kuna mtu nyumbani anayepitia kipindi kigumu, ahirisha ununuzi. Nakala ya risiti na namba ya silaha vikae mbali na kasha, kwa sababu bastola ikiibwa polisi watataka namba hiyo kabla ya swali lingine lolote.