Usilionyeshe Zimwi Mapema

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya kutisha ulikuwa na zimwi ukurasa wa tatu. Macho mekundu, kucha, ute unadondoka, kila kitu. Rafiki niliyempa asome alifika sura ya pili akasinzia. Nikatupa kurasa 60, nikarudi kwenye filamu za zamani zilizowahi kuninyima usingizi, safari hii nikiwa na daftari na saa.

Saa ndiyo iliyonifundisha. Kwenye Jaws ya mwaka 1975, papa haonekani sawasawa mpaka saa nzima ipite. Papa wa bandia alikuwa akiharibika mara kwa mara baharini, basi mwongozaji, Steven Spielberg, akabaki na dalili tu: pezi, muziki, mapipa ya njano yanayoburutwa majini. Nawe kabla hujaandika sura hata moja, orodhesha dalili za muuaji wako, kuanzia ndogo. Mimi huandika saba. Kiti kimesogea. Mbwa hataki kuingia chumba kile. Taa ya stoo inawaka na hakuna aliyeiwasha. Zigawe sura kwa sura, na mwenyewe asijitokeze hadi theluthi ya mwisho.

Halafu amua nani anajua nini. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za kutia wasiwasi, alilieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila taarifa, mtazamaji anashtuka sekunde 15, akijua lipo huku watu wanapiga soga, anateseka dakika 15. Kwenye riwaya ni rahisi zaidi, maana wewe ndiye unayegawa siri. Mhusika anatafuta funguo nyumba nzima, msomaji anajua ziko mfukoni mwa mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Usimharakishe! Ainue mito, afungue droo, apokee simu ya mama yake wabishane kuhusu nguo ya harusi. Kadiri maongezi yanavyokuwa ya kipuuzi ndivyo msomaji anavyozidi kutamani kumpigia kelele.

Sauti ndiyo iliyonisumbua kuliko yote, kwa sababu karatasi haina fidla. Jibu nililipata kwenye Cat People ya 1942. Mwanamke anatembea usiku, viatu vya anayemfuata vinagonga nyuma yake. Kisha vinanyamaza. Ghafla mlio mkali: kumbe ni basi linasimama. Kwenye ukurasa, mzoeshe msomaji mdundo, ko, ko, ko, kwa sentensi fupi zenye urefu mmoja, halafu uukate. Ile “ko” isiyokuja ndiyo inayotisha. Hofu ya uongo kama ya lile basi itumie mara moja tu. Mimi niliitumia mara tatu, zote kwa paka, na mhariri akaandika pembeni: “Paka tena?”

Kuhusu kumuua mhusika mkuu kabla ya nusu, kama Marion Crane kwenye Psycho (1960) ya Hitchcock: inawezekana, ila uwe umekwisha kumpa msomaji mtu mwingine wa kumshika mkono. Mimi bado sijathubutu.

Ukimaliza rasimu, futa kila “aliogopa sana” na “damu ilimsisimka”. Kisha jisomee sura kwa sauti, usiku, peke yako. Yangu ya tisa niliiacha kama ilivyo baada ya jokofu kunguruma katikati ya kusoma, nikajikuta nimesimama juu ya kiti.