Namna ya Kufuatilia Uoto Unaorudi Katika Shamba Lililoachwa

Hapa Dodoma, ambako mvua huja msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, miti na vichaka vingi vya shamba lililoachwa huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyosalia ardhini kuliko kuota kwa mbegu. Kwa hiyo, kabla ya kupima chochote, waulize wazee wa kitongoji shamba lililimwa miaka mingapi, na kwa jembe la mkono au kwa trekta, kwa maana trekta hung'oa visiki.

Hatua ya pili, pima kiwanja cha kudumu cha mita 20 kwa 20 na upigilie vigingi vya chuma kwenye kona zake (vya miti huliwa na mchwa, au huishia jikoni kwa mtu). Piga picha kutoka kigingi kilekile kila mwaka.

Hatua ya tatu hufanyika mvua zinapoelekea kwisha, nyasi zikiwa bado zina masuke ya kuzitambulisha. Tupa kura kupata sehemu 10 za kuweka fremu ya mita 1 kwa 1, kisha andika kila mmea na ukadirie asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Miaka ya mwanzo hutawaliwa na mbigili, mlenda pori na nyasi za msimu mmoja. Nyasi za kudumu hufuata taratibu.

Hatua ya nne ni visiki, na hapa usiharakishe. Inama, fukua udongo kwa vidole kuzunguka kisiki: kile ulichodhani kimekufa huwa na machipukizi yasiyozidi urefu wa kidole, ncha zake zimetafunwa na mbuzi. Chipukizi hutoka ubavuni mwa kisiki au mzizi mnene wa zamani, ilhali mche wa mbegu una shina jembamba linaloungana moja kwa moja na mzizi wake. Andika machipukizi na miche ya mbegu katika safu tofauti.

Mwisho, zungushia nusu ya kiwanja matawi ya miiba ili mifugo isiingie, ulinganishe pande mbili. Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe katika sehemu kubwa. Lakini usihesabu kila kijani kuwa uponaji: mkulagembe, kichaka cha miiba, ukizidi upande wa wazi huku nyasi zikipungua, hiyo kwa kawaida ni dalili ya malisho kupita kiasi.