Ruta mpya kwenye faiba: anzia ukutani, malizia kwenye Wi-Fi

Fundi akishavuta waya wa faiba mpaka sebuleni, akapima spidi kwa simu yake na kwenda zake, kazi inayobaki ni ya mwenye nyumba. Ukutani kuna kisanduku cheupe cha kampuni. Mkononi una ruta uliyoinunua mwenyewe, kwa sababu Wi-Fi ya kisanduku inafia koridoni kabla ya kufika chumba cha mwisho.

Kabla hujafungua boksi la ruta, shika jambo moja. Intaneti inakufikia kwa vipande vitatu: mwanga ndani ya faiba, waya wa shaba kati ya kisanduku na ruta, kisha mawimbi ya hewani. Pima kila kipande kabla ya kugusa kinachofuata. Wengi huanzia mwisho: wanabuni jina la Wi-Fi na nywila, na intaneti ikigoma wanabaki kuzimawasha kila kitu bila kujua mkosaji ni nani.

Kisanduku cha ukutani

Mafundi hukiita ONT au ONU, wengine husema modemu tu. Kama bado hakijakazwa ukutani, kigeuze upige picha stika ya mgongoni. Ina anwani ya kuingilia, jina na nywila yake, na namba ya utambulisho ambayo huduma kwa wateja watakuuliza. Kikishapigiliwa skrubu, stika hiyo inatazamana na ukuta.

Taa za kuangalia ni mbili. PON ikiwa ya kijani na imetulia, kisanduku kimesajiliwa kwenye mtambo wa kampuni. Ikipepesa bila kukoma, mwanga unafika lakini usajili haujakamilika. Hapo wapigie simu, maana hakuna cha kufanya nyumbani. LOS ikiwaka nyekundu au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kabisa au umedhoofika kupita kiasi.

LOS nyekundu mara nyingi chanzo chake kiko mle mle ndani. Faiba ni kioo chembamba, na ikikunjwa sana mwanga unavuja kwenye kona. Waya wa ziada uzungushe kwa mduara usiopungua upana wa sentimita 6, kama mdomo wa glasi, na usiubane kwa kibano cha waya wa umeme wala usiupitishe chini ya mguu wa kochi. Halafu tazama kichwa chake. Cha kijani, SC/APC, ncha yake imechongwa mshazari wa nyuzi 8. Cha bluu, SC/UPC, hakina mshazari huo. Ukichomeka bluu kwenye tundu la kijani vitaingiana vizuri tu, lakini nyuso hazikutani sawasawa na mwanga mwingi unapotea. Ncha usiiguse kwa kidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi. Jichoni usiielekeze kamwe: mwanga unaotoka kwenye mtambo wa GPON (aina ya faiba ya majumbani) una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, jicho haliuoni, kwa hiyo huwezi kujua kama waya uko hai.

Baadhi ya visanduku huonyesha nguvu ya mwanga kwenye ukurasa wao wa mipangilio, kwa kipimo cha dBm. Namba ni hasi, na kadiri inavyozidi kwenda chini ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Kati ya -15 na -25 uko salama. Ikikaribia -27 tegemea intaneti inayokatika na kurudi, na namba hiyo ndiyo ya kumtajia mhudumu wa simu. Inafupisha mabishano.

Nyaya nyingi zinazotoka nguzoni zina uzi wa chuma wa kuzibebea uzito. Uzi huo uishie nje, kwenye ndoano ya ukutani. Kioo hakipitishi umeme, chuma kinapitisha, na msimu wa radi huna sababu ya kukikaribisha chumbani.

Waya mfupi unaodharauliwa

Chukua kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6. Ncha moja iingie LAN1 ya kisanduku, nyingine iingie tundu la WAN la ruta, yaani la kupokea intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na wenzake na huandikwa WAN au Internet. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuichomeka kwenye LAN ya ruta, tundu la vifaa vya ndani. Hapo kunakuwa na vifaa viwili vinavyogawa anwani, yaani namba ya kila kifaa, kwenye mtandao mmoja. Simu ya baba inapata intaneti, ya mama haipati, kesho yake mambo yanageuka. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo, nenda kaangalie tundu kwanza.

Kama umelipia kifurushi cha Mbps 200 na kipimo hakipandi zaidi ya 94 au 95, usikimbilie kuilaumu kampuni. Kiwango hicho ni alama ya muunganisho wa Mbps 100. Sababu ni mojawapo ya hizi: tundu la ruta ni la 10/100 badala ya 10/100/1000 (liandikwavyo kwenye boksi), au kebo ina uzi uliokatika. Mbps 100 zinahitaji nyuzi nne tu, zile za 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Uzi mmoja ukilegea, vifaa vinashuka kimyakimya bila kukuambia.

Ukiifunga kebo mwenyewe, shika pini ya RJ45, kile kichwa cha plastiki cha kebo, ulimi wake ukiwa upande wa pili, shaba zikikutazama, ncha ikielekea juu. Kutoka kushoto: mweupe wa machungwa, machungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Kijani imetenganishwa makusudi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Epuka pia kebo za bei ya kutupa zilizoandikwa CCA: ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na inakatika ukiikunja mara chache.

Sasa pima. Washa kisanduku, subiri PON itulie, kisha chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye kisanduku bila ruta. Huna kompyuta yenye tundu? Kaa mita mbili kutoka kisanduku ukitumia Wi-Fi yake. Andika namba uliyopata, ndiyo utakayolinganishia. Kumbuka kifurushi huhesabiwa kwa megabiti na faili huhesabiwa kwa megabaiti: Mbps 20 zinashusha takribani megabaiti 2.5 kwa sekunde, na hapo hujaibiwa.

Kuingia kwenye ruta

Washa ruta, jiunge na Wi-Fi iliyoandikwa kwenye stika yake, halafu zima data ya simu. Usiruke hatua hiyo. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inakimbilia data kimyakimya, na ukurasa wa ruta haufunguki hata ukiandika anwani sahihi mara kumi. Anwani ziko kwenye stika: TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, MikroTik ni 192.168.88.1, na ONT nyingi za Huawei ni 192.168.100.1. Anza na http:// ili kivinjari kisiipeleke kwenye utafutaji.

Ruta itakuuliza aina ya muunganisho. Usibahatishe. Pigia kampuni uulize maswali manne: kisanduku kiko kwenye hali ya bridge au route? Kama mnatumia PPPoE (ruta kujitambulisha kwa jina na nywila), jina na nywila yangu ni zipi? Kuna namba ya VLAN, yaani ya kutenganisha mitandao ndani ya waya mmoja? Mmefunga huduma kwenye MAC, namba ya kiwandani, ya kifaa fulani?

Kikiwa kwenye route, kisanduku chenyewe ndicho kinachogawa intaneti, na wewe unachagua "Dynamic IP" basi. Kikiwa kwenye bridge, kisanduku ni daraja tu na ruta ndiyo inayojitambulisha: chagua PPPoE, ingiza jina lote mpaka mwisho pamoja na kile kinachofuata alama ya @, na weka MTU, ukubwa wa juu wa kila kifurushi cha data, iwe 1492. Ikibaki 1500, baadhi ya kurasa zinaweza kufunguka vizuri na nyingine zikazunguka tu bila kumaliza. PPPoE ikikataa wakati nywila ni sahihi, huenda kikao cha kifaa kilichotangulia bado kiko wazi upande wa mtambo. Zima vyote, subiri dakika chache, washa kisanduku kwanza, ruta baadaye. Na kama wamefunga MAC, waombe waingize ya ruta yako, au tumia chaguo la kunakili MAC lililomo kwenye ruta.

Kwenye route kuna mtego mwingine. Kisanduku kikiwa 192.168.1.1 na ruta nayo 192.168.1.1, hakuna kitakachokwenda, ni sawa na nyumba mbili za mtaa mmoja kuwa na namba moja. Badilisha anwani ya LAN ya ruta iwe 192.168.50.1. Ruta nyingi mpya hujibadilisha zenyewe, za zamani hapana.

Swali la kujiuliza mapema ni kama unaihitaji ruta iwe ruta. Ukitaka Wi-Fi ifike mbali tu, iweke kwenye hali ya "Access Point". Kisanduku kinaendelea kugawa anwani, ruta inabaki kazi ya kurusha mawimbi, na simu, runinga na printa vinaonana bila shida. Kwa nyumba ya kawaida hili ndilo chaguo letu. Ukiacha kisanduku na ruta vyote vikigawa anwani, WhatsApp na YouTube hazitajali, ila michezo ya mtandaoni na kamera zitakusumbua. Vyovyote utakavyochagua, ukimaliza zima Wi-Fi ya kisanduku ili zisigombanie hewa.

Mwenye kamera atazame pia anwani ya WAN, yaani ya upande wa kampuni. Ikianzia 100.64 mpaka 100.127, kampuni imekuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, na kufungua milango kwenye ruta ili uione kamera ukiwa mbali hakutasaidia kitu. Tumia programu ya kamera inayopita kwenye seva ya mtengenezaji, au omba anwani ya IP ya umma. Mara nyingi hulipiwa.

Mawimbi

Kwenye masafa ya GHz 2.4 weka upana wa MHz 20 na uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizogusana. Anayechagua 3 ili "akae peke yake" anapokea kelele za pande zote mbili. Kwenye GHz 5, MHz 80 na chaneli 36 hadi 48 zinatosha wengi. GHz 5 ina kasi lakini inachoka haraka ukutani, na GHz 2.4 ni kinyume chake.

Usalama uwe WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, maana runinga na printa za zamani hazijui WPA3 peke yake. Nywila ya herufi 12 au zaidi, WPS (njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN) imezimwa, na nywila ya kuingilia ruta iwe tofauti na ya Wi-Fi. Wageni wape mtandao wao. Balbu na kamera nyingi za bei nafuu zinasoma GHz 2.4 tu. Zikikataa kuunganishwa, zima GHz 5 kwa muda, ziunganishe, kisha irudishe.

Ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya kabati, siyo nyuma ya runinga wala karibu na friji, kioo kikubwa au tangi la maji. Antena hurusha mawimbi kwa ubavu wake, hivyo kwa nyumba ya chini zisimamishe wima, na kwa ghorofa laza moja. Tofali la saruji lina ubishi wake, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba kongwe za Mji Mkongwe au Lamu, unaoweza kufikia nusu mita, hauombwi. Hapo pitisha kebo hadi ruta ya pili. Kifaa cha kurudia mawimbi kinachotumia redio moja kinagawanya kasi nusu kwa nusu, kwa sababu kinasikia na kusema kwa zamu.

Umeme

Ukikatika umeme, kisanduku na ruta vyote vinataka chakula. Soma adapta kabla ya kununua UPS ndogo, yaani betri ya akiba: ONT nyingi ni volti 12, ila ruta inaweza kuwa 12, 9 au 5, na tundu lenye umbo moja halimaanishi volti moja. Usidanganywe na mAh 8800 za kwenye boksi. Huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri, sawa na Wh 32 hivi, na upotevu ukitoka zinabaki kama 27. Vifaa viwili vinavyokula wati 15 kwa pamoja vitakaa chini ya saa mbili.

Mwisho, kile kitundu cha Reset. Kwenye ruta yako kibonyeze ukitaka, sekunde 10, uanze upya. Kwenye kisanduku cha kampuni usikiguse: kinaweza kufuta mipangilio waliyoiweka wao, taa ya PON ikaendelea kuwaka kijani kana kwamba hakuna kilichotokea, na intaneti isirudi mpaka waiweke upya.