Maharage kwenye sufuria ya shule: jinsi ya kupata msaada wa halmashauri mkoani Kigoma

Kasulu, Buhigwe na Kibondo wanalima maharage yanayolisha mikoa mingine, lakini shule nyingi za huko mchana hupika uji mtupu, au hazipiki kabisa. Sera za kurekebisha hilo zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ombi lenye kilo na tarehe.

Anzeni na hesabu. Pangeni gramu 40 za maharage makavu kwa mwanafunzi kwa siku. Shule ya watoto 400 itapika kilo 16 kila siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 3,104, yaani magunia 31 ya kilo 100. Kwa mzazi, hiyo haifiki kilo 8 kwa mtoto kwa mwaka, karibu nusu debe. Mzazi akitajiwa nusu debe anapima mavuno yake; akitajiwa "mchango wa chakula" anaogopa. Hata hivyo, kwenye muhtasari wa mkutano andikeni kilo, kwa sababu madebe hayalingani. Ongezeni mawese mekundu mililita 5 kwa mtoto, lita 2 kwa siku: yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza vitamini A.

Hesabu ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kabla ya Desemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la Machi hukuta hesabu zimefungwa. Muhtasari uwe na sahihi na orodha ya mahudhurio, na nakala moja apewe afisa lishe wa wilaya mkononi. Yeye anahitaji hoja kama yenu, kwa kuwa wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe tangu 2017 na utekelezaji wake hupimwa.

Fedha msizichanganye. Shilingi 1,000 ambayo halmashauri hutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 ni ya shughuli za lishe. Ombeni humo mafunzo ya mapishi kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wala msiombe magunia. Kilimo chenyewe kina mlango mwingine: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kikiwa na barua ya shule inayotaja kilo na mwezi wa kupokea, andiko lake la mkopo lina soko tayari.

Nunueni au kusanyeni Juni na Julai, maharage yakiwa mengi. Yaanikeni hadi chumvi kavu mliyoyatikisa nayo kwenye chupa kavu isigande kwenye kioo. Yahifadhini kwenye mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake. Fundo likilegea hewa huingia na bungua huzaliana. Kabla ya kupika, loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha kwa nguvu angalau dakika 10, maana maharage yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Kuni pia zitapungua. Chai isiandamane na mlo huo, huzuia madini ya chuma. Embe au papai husaidia yafyonzwe.

Dagaa wa ziwani wasiondolewe kwenye mlo. Mimea haina vitamini B12, na watoto wadogo wanaihitaji. Maharage na mboga vichukue nafasi ya uji mtupu.