Pikipiki ya kwanza: irudishe kinyumenyume kabla ya kulipa
Unayetafuta pikipiki ya kwanza hapa Mbeya, usiipimie kwenye sakafu ya duka. Omba itolewe hadi penye mwinuko mdogo, taa ya mbele itazame bondeni. Zima injini, toa gia, kaa kitini, kisha irudishe nyuma kwa miguu tu. Ikikushinda, au ukigusa chini kwa vidole tu, tafuta fupi au nyepesi zaidi. Nyingi za cc 125 hadi 150 huvuka kilo 100. Sakafu tambarare huuficha uzito huo, vichochoro vyetu vya milimani haviufichi. (Vaa viatu utakavyoendeshea, buti hudanganya urefu.) Kipimo hiki hakikuambii kitu kuhusu gunia la viazi nyuma: hapo hata mwenye miguu mirefu huyumba.