Miti inayogeuka myekundu mwezi wa tisa: namna ya kuitambua kwenye pori la Lubumbashi

Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane, ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasumbalesa, ya Kasenga au ya Likasi, pori lililokuwa kijivu mwezi wa saba linavaa rangi: damu ya mzee, waridi, shaba, hudhurungi. Mvua zenyewe bado. Ulaya rangi za namna hii ni za majani yanayozeeka kabla ya baridi. Huku kwenye miombo, yaani pori la muputu na miti ya jamaa yake, ni kinyume, kwani majani mengi mekundu ni machanga. Mti unayatoa wiki kadhaa kabla ya mvua, na wekundu wake unatokana na rangi iitwayo anthosayanini, inayoonekana kabla jani halijajaa klorofili, rangi yake ya kijani. Baada ya wiki mbili au tatu jani hilohilo ni la kijani.

Ndiyo maana rangi inakuonyesha umri wa jani, lakini jina la mti haikupi. Miputu miwili iliyosimama bega kwa bega inaweza kuwa mmoja damu ya mzee, mwingine waridi hafifu. Wanaokosea jina la mti mara nyingi wamekosea kwa kuanzia na rangi.

Anza kwa vidole. Jani jekundu lililo laini, limelegea, linang'aa na limekaa kwenye ncha ya kitawi ni changa. Jani jekundu au la manjano lililo gumu, lenye madoa, linaloachia kitawi ukiligusa tu, limezeeka. Tenga makundi haya mawili kabla ya kufanya lolote lingine, kwa sababu miti yake si ileile.

Halafu tafuta jani linaanzia wapi. Miti mikubwa ya miombo ina jani la vipande vingi, na mgeni huhesabu kila kipande kuwa jani zima. Fuata kikonyo mpaka kinaposhikana na kitawi: jani zima lina chipukizi dogo kwenye kwapa lake, kipande hakina. Ukishalipata, tazama ncha. Vipande vikiishia kwa jozi, bila kimoja cha peke yake mwishoni, uko kwenye kundi la muputu, musamba, mutondo na mutobo. Kikiwepo kimoja cha peke yake mwishoni, ondoka kwenye kundi hilo.

Hesabu jozi kwenye majani kumi yaliyokwisha kufunguka, kutoka matawi tofauti, na uandike idadi ndogo na kubwa. Jani moja halitoshi. Na usihesabu kamwe kwenye machipukizi ya kisiki. Kando ya Lubumbashi miti mingi imekatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), na visiki vyake vinachipua majani mekundu hata katikati ya masika. Majani hayo huwa makubwa kupita kiasi na idadi ya vipande si ya kawaida; yanadanganya hata wenye uzoefu. Tafuta mti uliokomaa wa aina hiyo hapo jirani.

Muputu (Brachystegia spiciformis) kwa kawaida una jozi nne, pengine tatu au tano, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Alama hiyo ya jozi ya mwisho ina uzito kuliko idadi. Musamba (Brachystegia boehmii) unaujua kwa mbali: jozi kumi na tatu hadi zaidi ya ishirini, vipande vyembamba vimebanana kama unyoya, jani zima linaning'inia. Machanga yake huanzia waridi hadi hudhurungi. Lakini ukipata jozi kama kumi, usilazimishe jina. Brachystegia ziko aina kadhaa zinazokaribiana, zingine huchanganya mbegu, na kuandika "Brachystegia" peke yake ni jibu halali.

Mutondo (Julbernardia paniculata) una jozi chache za vipande vipana, kwa kawaida tatu au nne, na hapo ndipo unapochanganywa na muputu. Usibaki kwenye majani, inua macho. Mutondo unabeba maua na maganda yake juu ya kichwa cha mti, yakisimama nje ya majani; ya muputu yamo ndani ya majani. Ganda la mutondo lina manyoya mafupi ya hudhurungi kama mahameli. Mutobo (Isoberlinia angolensis) nao una jozi tatu au nne, ila vipande ni vikubwa na ganda linaweza kufika sentimita 30.

Okota maganda chini, ila kwa tahadhari. Ya miti hii hupasuka kwa nguvu wakati wa kiangazi na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo ganda lililo chini ya mti wako linaweza kuwa la jirani. Lilinganishe na lililobaki juu. Na andika kama mti umeota kwenye kichuguu kikubwa au kwenye tambarare. Udongo wa vichuguu vya Katanga ni tofauti na mimea yake ni mingine kabisa; ukiulinganisha mti wa kichuguuni na orodha ya miti ya tambarare utapoteza siku nzima.

Sasa upande wa majani yanayozeeka. Mulombwa (Pterocarpus angolensis) hugeuka manjano kabla ya kupukutika. Una kipande cha peke yake mwishoni mwa jani, utomvu mwekundu ukikwaruza gome, na tunda la duara lenye bawa pande zote na miiba katikati, linalobaki likining'inia mti ukiwa mtupu. Hakuna mti rahisi kuliko huo. Diplorhynchus condylocarpon nao huwa wa manjano: jani si la vipande, majani yanakaa mawili mawili yakielekeana, na ukikata linatoka maziwa meupe yanayonata kama ulimbo. Combretum hugeuka manjano au nyekundu kutegemea aina. Tafuta tunda lake kavu lenye mabawa, kwa kawaida manne. Musuku, mti wa masuku (Uapaca kirkiana), hauvui majani yote kwa mara moja: majani yake mapana, magumu kama ngozi, yamekusanyika kwenye ncha za matawi, na machache ya manjano yanachanganyika na ya kijani.

Mjini makosa ni ya aina nyingine. Mwembe unatoa majani machanga ya shaba au zambarau yaliyolala chini kama yamenyauka. Lifikiche jani moja unuse, harufu ya embe bichi inamaliza ubishi. Poinsetia, inayowaka katikati ya mwaka, na bugenvilia zina majani ya rangi yanayozunguka maua madogo sana. Maziwa ya poinsetia yanachoma macho, basi nawa mikono. Kwa mmea wowote usioujua, usionje.

Kama jina halikupatikana porini, chukua kitawi cha sentimita 25 hadi 30 chenye majani machanga, yaliyokomaa na ganda kama lipo. Piga picha kwanza, kivulini, juu ya karatasi nyeupe: jani zima, kipande cha mwisho, upande wa chini, gome, mti wote. Programu za simu za kutambua mimea kwa picha, kama Pl@ntNet, hukosea sana kwa majani mekundu machanga; ipe picha ya jani lililokomaa na ya ganda. Laza kitawi ndani ya magazeti, geuza jani moja upande wa chini uonekane, kandamiza kwa mbao mbili na kamba. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza. Kiangazi, siku tano hadi saba zinatosha. Ukiligusisha jani shavuni likiwa bado baridi, halijakauka.

Miti ya jamii ya kunde, kama muputu na wenzake, huangusha vipande vyake vikikauka polepole. Chovya kitawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kukilaza, au hifadhi vilivyodondoka kwenye bahasha pamoja nacho. Wekundu utafifia kwa vyovyote, kwa hiyo andika rangi siku ileile, pamoja na tarehe, mahali, urefu wa mti na jina ulilopewa na wenyeji. Andika pia jina hilo ni la lugha gani, Kibemba, Kilamba au Kisanga, maana jina moja mara nyingi hubeba miti miwili mitatu.

Funga kitambaa kwenye mti wenyewe na urudi mwezi wa kwanza, majani yakiwa yamekomaa, uhesabu jozi upya.