Mwajiri wa mgahawa hajakulipa? Anza hivi

Mabosi wengi wa migahawa hawakani deni. Wanakwambia "vumilia, biashara ichanganye kidogo." Wewe unavumilia, siku za kudai nazo zinayoyoma. Huu ni utaratibu wa Tanzania Bara.

1. Piga hesabu kwanza. Gawanya mshahara wa mwezi kwa 195, yaani saa 45 za wiki mara 4.333. Anayelipwa 390,000 anapata 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 3,000. Kila mwezi uwe na mstari wake. Ulikatwa kwa sahani zilizovunjika au mteja aliyekimbia bili? Andika pia. Hasara hukatwa tu ikiwa ni kosa lako, umepewa maelezo kwa maandishi na nafasi ya kuyapinga, tena isizidi robo ya ujira.

2. Kusanya ushahidi. Piga picha rosta ya zamu kabla haijabanduliwa ukutani. Tunza miamala ya simu na meseji za meneja. Kukosa mkataba wa maandishi kusikutishe; mwajiri ndiye wa kuthibitisha masharti ya kazi.

3. Mpe barua ya madai, nakala mbili: abaki na moja, ya kwako aisaini.

4. Jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Dai la mshahara lina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukiwa umeachishwa kazi na unapinga, ni 30. Hapa ndipo wengi hukwama: jina la kwenye kibao cha mgahawa mara nyingi si la mwajiri. Tazama risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), utaona jina la biashara lililosajiliwa na TIN (namba ya mlipakodi). Mpelekee mwajiri nakala ya fomu, kisha wasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea.

5. Usuluhishi. Usipofika, shauri laweza kufutwa. Asipofika yeye, msuluhishi anaweza kuliamua. Mkielewana, kataa "atalipa kwa awamu" tupu. Sisitiza kiandikwe kiasi, tarehe, namba ya simu ya kupokelea, na kwamba akiruka awamu moja deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Usisaini "nimelipwa haki zangu zote" kabla hela haijaingia. Makubaliano hayo ya usuluhishi hukazwa mahakamani kama hukumu.

Siku 30 zikipita bila muafaka, omba shauri liende kwenye uamuzi.